Barua Isiyo na Kosa Hata Moja

"Utaweza kuandika hivihivi ninavyosema, mwanangu, bila kuongeza na bila kupunguza?"

Hilo ndilo swali ambalo Mis Ianthe Wedderburn alimuuliza Freda Pinnock, mtoto wa jirani yake, siku moja ya Novemba mvua ikinyesha. Freda akajibu upesi, "Naweza, Mis Ianthe." Alijibu kabla hajafikiri, kama mtoto ajibuvyo anapojua mkubwa anataka kusikia nini.

Freda alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake, Mis Clemmie, walikaa Maili Kumi na Tisa, kituo kidogo cha reli katika jimbo la Limón, kwenye nchi inayopakana na Panama. Babu zao walitoka Jamaika kuja kutandika reli ile. Waliihesabu maili kwa maili, na hesabu ndiyo ikawa jina la mahali. Nyumba zilisimama juu ya nguzo kwa sababu ya maji ya mto, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kakao, kakao tupu, mpaka macho yachoke.

Kila asubuhi Freda alikwenda shule ya serikali, ambako masomo yote yalikuwa kwa Kihispania. Saa sita alirudi, akala wali na maharage ya tui la nazi, kisha akapanda juu ya mbao za kuanikia na kuigeuza kakao ya mama yake kwa nyayo. Mawingu yakikusanyika, aliita, "Mama, mvua!" wakaifunika pamoja. Saa nane alikuwa tayari nyuma ya kanisa la Baptisti, katika chumba cha shule ya Kiingereza. Wazazi wa kule hawakukubali mtoto akose shule hiyo. Kiingereza cha nyumbani kila mtu alikuwa nacho kinywani, lakini cha vitabuni kilitafutwa kwa machozi.

Machozi hayo yalitolewa na Ticha Ashmeade. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mrefu, koti jeusi mwaka mzima. Alikuwa na mkanda wa ngozi aliouita Daktari, kwa sababu, alisema, unatibu uvivu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini Daktari hakuhitaji macho.

Muhula ule walikuwa wakijifunza maneno ambayo Ticha aliyaita maneno yenye mkia. Ni maneno ya sifa yasiyoweza kusimama yenyewe. Ukisema mtu ni "fond", hujasema kitu. Lazima uongeze "of", halafu utaje hicho anachokipenda. Mengine hudai "to", mengine "from", mengine "with", wala hakuna kanuni ya kukuokoa. Unakariri, basi. Ticha aliwaandikisha maneno arobaini, kila neno na mkia wake, kila mkia na sentensi yake ya mfano. Mwezi wa Desemba wangesimama kanisani mbele ya wazazi na mkaguzi kutoka mjini, na aliyeyajua yote arobaini angepewa zawadi.

"Egbert!" Ticha aliita siku hiyo. "Accustomed!"

Egbert alikuwa na miaka kumi na mitatu, na masikio makubwa. Akasimama. "Accustomed... accustomed from, Ticha?"

"From? From umeitoa wapi? Umemvisha punda mkia wa nguruwe, bwana mdogo. Lete mkono."

Darasa zima likacheka, Egbert mwenyewe akicheka kidogo, mpaka Daktari alipofanya kazi yake mara mbili.

"Freda."

"Accustomed to, Ticha. I am accustomed to the rain."

Nimeizoea mvua. Na mvua ilikuwa ikipiga bati juu yao kana kwamba imeitwa itoe ushahidi. Ticha akatabasamu, jambo ambalo halikutokea kila wiki. Freda akakaa. Tangu Agosti Daktari hakuwa amegusa kiganja chake, na alikuwa akizihesabu siku hizo kama mtu anavyohesabu shanga.

Walipotoka, Egbert alimfuata akipuliza kiganja chake. "Wewe Freda, siku moja utakosea, na siku hiyo nitanunua tangawizi nisherehekee."

"Ngoja uzeeke, Wino."

Egbert akashika njia yake. Wino, yaani Wino Mwekundu, ndilo jina walilompa, na lilikuwa na kisa chake.

Mis Ianthe alikuwa na mtoto mmoja tu, Alric, ambaye Ticha alimtaja kila wiki. Hajapata kuwa na mwanafunzi kama Alric, alisema. Sasa Alric alikuwa karani bandarini Colón, upande wa Panama, safari ya usiku mmoja kwa meli ya ndizi. Mis Ianthe hakujua kuandika, na zamani Ticha ndiye aliyemwandikia barua. Macho ya Ticha yalipofifia, mwaka uliopita, kazi hiyo alipewa Egbert. Wiki mbili baadaye barua ya Egbert ikarudi vilevile ilivyokwenda, maneno kumi na moja yamepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na chini Alric ameandika: Mama, mtafute mtu anayejua Kiingereza. Ticha alimsimamisha Egbert aisome mwenyewe mbele ya darasa, kila neno na kosa lake. Freda alikuwa mmoja wa waliocheka sana.

Sasa zamu ilikuwa yake.

Alimkuta Mis Ianthe amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Siku hizo alikuwa akilala palepale kitini, kwa sababu akijinyoosha kitandani pumzi ilimkatika. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini, ngozi imekaza ikang'aa. Mezani kulikuwa na karatasi moja ndogo, nyembamba, ya kutuma kwa ndege, kalamu, na kipande cha keki ya muhogo kilichofunikwa sahani.

"Keki ni yako ukimaliza. Haya, andika. Alric mwanangu. Miguu imejaa maji. Pumzi inanikatika nikilala, kama mtu amenikalia kifuani. Njoo unipeleke hospitali ya mjini." Akapumzika. "Umeandika?"

"Naandika, Mis Ianthe."

"Mwambie Clemmie alitaka kunipeleka, nikakataa. Kule wanasema Kihispania, na mimi Kihispania changu ni cha kusalimia na kununua sukari. Wakiniuliza panapouma nitasema nini? Nataka mwanangu awe pale. Mwambie asingoje Krismasi. Asingoje, umesikia?"

Freda alikuwa ameshika kalamu, na karatasi ilikuwa bado nyeupe. Kila neno la Mis Ianthe, la Kiingereza cha nyumbani, alilielewa. Lakini miguu kujaa maji, utaiandikaje kwa Kiingereza cha vitabuni? Na mtu kukaliwa kifuani? Alijaribu sentensi moja kichwani, akaiona imejaa wino mwekundu. Akajaribu nyingine, ikawa mbaya zaidi. Aliwasikia wenzake wa darasani wakicheka, na Egbert mbele yao akinywa tangawizi.

Ndani ya mfuko wake lilikuwamo daftari lenye sentensi arobaini zisizo na kosa.

Alianza na moja, apate tu pa kuanzia. Nina shauku ya kusikia habari zako, mwanangu. Hiyo si uongo, alijiambia. Akaongeza ya pili, majirani ni wema kwangu, nayo pia ilikuwa kweli. Nimeizoea mvua. Nashukuru kwa fedha ulizotuma. Mwandiko ulikuwa mzuri, kila neno na mkia wake, na Freda akaanza kufurahia kama mtu anayepiga kinanda. Ile habari ya miguu angeiweka mwishoni, alisema moyoni, baada ya kuzoea. Sentensi iliyofuata kwenye daftari ilikuwa ya neno "free", ambalo hudai "from", na mfano wake Ticha aliusifu sana siku Freda alipousema. Mkono uliandika wenyewe. Mimi sina maumivu yoyote. Aliitazama. Alijua kabisa alichokiandika. Lakini huwezi kufuta wino kwenye karatasi nyembamba kama ile, itachanika, na karatasi ilikuwa moja. Akaweka chini yake sentensi ya mwisho, nina imani na rehema za Bwana, na karatasi ikajaa.

"Nisomee," alisema Mis Ianthe.

Freda akaiinua karatasi usoni pake. Akasema, kana kwamba anasoma: "Alric mwanangu. Miguu imejaa maji. Pumzi inanikatika nikilala, kama mtu amenikalia kifuani..." Alisema yote kwa mpangilio, mpaka asingoje Krismasi. Kukariri ndiyo kazi aliyoijua.

"Hapo sasa," alisema Mis Ianthe, machozi yakimlenga. "Hapo umeandika. Mungu akubariki mkono huo." Akaweka alama yake ya msalaba pembeni ya karatasi, akasukuma sahani ya keki.

Freda alikula keki yote.

*

Treni ya kutoka mjini ilipita saa nne asubuhi, na kila ilipopita Mis Ianthe aliegemea dirishani. Mis Clemmie alikuwa akimpelekea uji na kumkanda miguu. "Leo au kesho," alimwambia. "Barua ikishafika, Alric hawezi kulala."

"Hawezi," alijibu Mis Ianthe. "Namjua mwanangu."

Freda aliyasikia hayo akiwa juu ya mbao za kakao. Alikuwa akigeuza kwa nyayo, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mara mbili alimwita mama yake. Mara ya kwanza mama aliitika, "Nini?" Freda akasema, "Naona mawingu." Mara ya pili hakusema hata hilo.

Jibu la Alric likafika wiki ya kwanza ya Desemba. Mis Ianthe alimwita Freda peke yake.

"Fungua, mwanangu. Anasema anakuja lini?"

Freda akafungua. Mwandiko wa Alric ulikuwa umesimama wima kama askari. Akasoma, na safari hii alisoma kilichoandikwa, maana hakuwa na kingine kichwani.

Mama mpenzi. Barua yako imenifurahisha kupita kiasi. Kwa kuwa nimejua hali yako, Krismasi hii sitakuja, nimechukua zamu za wenzangu. Nitakuja Pasaka, Mungu akipenda. Mshukuru aliyekuandikia, hajakosea hata neno moja.

Mis Ianthe aliitazama karatasi mkononi mwa Freda. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa sauti, kama msumeno unaopita kwenye mti mbichi.

"Soma tena pale."

"Wapi, Mis Ianthe?"

"Pale anaposema imemfurahisha."

Freda akasoma tena. Sauti ikawa ndogo.

"Nimemwambia pumzi inanikatika," alisema Mis Ianthe polepole, "naye amefurahi. Nimemwambia asingoje Krismasi, naye ananiambia Pasaka." Akageuza uso ukutani. "Nilifua nguo za watu miaka ishirini asome. Basi, amesoma."

Hapo ndipo Freda alipopaswa kusema. Alikijua kile kipindi kilipokuja, na alikiona kikipita, kama treni isiyosimama. Sentensi ilikuwa fupi. Mis Ianthe, sikuandika ulivyosema. Bado kulikuwa na wakati wa kupiga simu ya maandishi kituoni na Alric kushika meli ya Jumamosi. Akafungua mdomo.

"Freda." Mis Ianthe alimshika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi. "Usimwambie mtu habari hii. Hata Clemmie usimwambie. Watamsema mwanangu vibaya, na mimi sitaki asemwe. Clemmie akiuliza, Alric anakuja. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Freda.

Na moyo wake, Mungu amsamehe, ulipata nafuu.

*

Siku ya mtihani kanisa lilijaa. Mkaguzi kutoka mjini alikaa mbele na saa yake ya mfukoni. Mis Clemmie alivaa kofia yenye ua. Freda alisimama na kuyasema maneno arobaini, kila moja na mkia wake, sentensi baada ya sentensi, bila kusita. Alipofika kwenye ile ya maumivu, macho yake yalikwenda kwenye benchi la tatu, upande wa dirisha, mahali pa Mis Ianthe. Palikuwa na kitabu cha nyimbo tu. Akaisema sentensi, akaendelea. Watu wakapiga makofi, akapewa kitabu chenye jalada jekundu, na Ticha akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba tangu Alric Wedderburn hajasikia hivyo.

Walipotoka kanisani walimkuta Egbert anakuja mbio kutoka nyumbani kwa Mis Ianthe. Yeye hakumaliza hata maneno kumi, akaketishwa, na kwa aibu akatoroka kumchotea yule mama maji. Ndoo alikuwa bado nayo mkononi.

"Mis Clemmie," alisema. "Mis Clemmie, haniitikii."

Walimzika kesho yake mchana, kwa sababu ya joto. Mis Clemmie ndiye aliyemwosha. Simu ilipigwa, lakini Alric alifika Jumatatu, kwa treni ya saa nne, akiwa amefunga kitambaa cheusi cha msiba mkononi na mzigo wa mablanketi mapya aliyokuwa amemnunulia mama yake kwa Krismasi.

Majirani walikuwa wamekaa nyumbani kwa marehemu, Ticha Ashmeade katikati yao. Godoro lilikuwa limekunjwa. Kile kiti cha dirishani hakuna aliyekikalia. Alric aliingia, akavua kofia akaiweka mezani, na hakuna aliyesogea kumpisha.

"Umekuja," alisema Mis Clemmie. "Umekuja kuchukua vyombo? Sufuria zipo mbili, moja imetoboka."

"Mis Clemmie, kwa nini hamkuniambia?"

"Tusikuambie! Sikilizeni mtu huyu. Mama yako amekaa kwenye kiti kile wiki tano anahesabu treni. Mpaka anakufa anatuambia Alric anakuja. Amekuandikia, Alric. Amekuandikia kwa mkono wa mtoto wangu mwenyewe."

Alric akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi nyembamba. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Hii ndiyo aliyoniandikia. Niliwaonyesha wenzangu kazini. Niliwaambia, tazameni, mama yangu mzima, na barua haina kosa hata moja."

"Mzima?" Mis Clemmie alisimama. "Mzima vipi?"

"Isomwe," alisema Ticha. "Mimi sioni. Freda, wewe ndiye mwandishi. Simama usome."

Freda akasimama. Karatasi ilikuwa nyepesi mno. Pembeni kulikuwa na ule msalaba wa Mis Ianthe, umepinda. Alijua angeweza kuiinua usoni na kusema yale mengine, miguu imejaa maji, pumzi inanikatika, na watu wote chumbani wangemgeukia Alric, na Alric asingeeleweka. Alilifikiria hilo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akasoma kilichokuwepo.

Nina shauku ya kusikia habari zako, mwanangu. Majirani ni wema kwangu.

Kufika sentensi ya tatu, midomo ya Ticha ilianza kutikisika. Kufika ya nne, alikuwa akiyatamka maneno kabla ya Freda. Mimi sina maumivu yoyote, walisema pamoja, mzee na mtoto, na Ticha akainua mkono.

"Acha. Hizo ni sentensi zangu. Hizo nimeziandika mimi ubaoni."

"Ndiyo, Ticha."

"Yeye alikwambia uandike nini?"

Freda akasema. Alisema yote, kwa mpangilio, mpaka asingoje Krismasi. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza na hakuona pa kusimamia, alisema pia habari ya jibu la Alric, na jinsi Mis Ianthe alivyogeukia ukuta. "Alinikataza nisiseme. Alisema watamsema mwanangu vibaya, na hataki asemwe."

Alric alikuwa amekishika kile kiti cha dirishani kwa mikono miwili.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Mtoto, nilikukosea nini? Kwa nini?"

Freda alitazama sakafu, kisha akamtazama Egbert, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Niliogopa kukosea," alisema. "Niliogopa utairudisha na wino mwekundu. Kama ya Egbert."

Mis Clemmie alimjia mwanawe. Watu walidhani atampiga, na Freda mwenyewe alifumba macho akingoja. Lakini mama yake alikaa tu kwenye sanduku.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Nilikuwa nikikuona na kalamu namshukuru Mungu. Kumbe Egbert na makosa yake kumi na moja alimfikishia Mis Ianthe maneno yake. Barua mbovu ingemleta huyu na meli ya kwanza, Freda. Ile yako nzuri imemweka Colón, na mama yake amekufa akidhani amekataliwa." Alifuta uso kwa aproni. "Kile kitabu chekundu utakirudisha wewe mwenyewe. Na Jumapili utasimama palepale ulipopigiwa makofi, useme haya yote mbele ya kanisa, ili jina la Alric litoke midomoni mwa watu. Nitasimama na wewe. Lakini utasema wewe."

"Ndiyo, Mama."

Ticha Ashmeade alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya darasani.

"Freda, na wewe Egbert, sogea usikie. Nimewachapa miaka mingi kwa neno lililokosewa. Sikumbuki siku niliyomuuliza mtoto kama alichoandika ni kweli. Hilo ni langu, na nitalijibu kwa Mungu, wala siku hiyo si mbali. Lako, Freda, ni hili. Mtu akikupa maneno yake uyapeleke, amekupa maisha yake mkononi. Usipojua namna ya kuyaandika, sema hujui. Utachekwa, utaona aibu, na kesho utakuwa mzima. Kusema sijui hakuui mtu. Kuanzia leo barua ya mzee yeyote itaandikwa na mtoto mmoja na kusomwa na mwingine kabla haijafungwa, ikiwa na makosa au haina. Egbert ndiye atakayesoma."

Egbert akaitazama ndoo yake.

Alric aliichukua barua mkononi mwa Freda. Hakuivuta. Aliikunja kwenye mikunjo yake ileile ya zamani, moja, mbili, tatu, akairudisha ndani ya koti, kando ya kalamu yake. Akawatazama watoto wawili, kwanza yule mwandishi, kisha Egbert, na huyo wa pili, ambaye barua yake aliirudisha na wino mwekundu, akamtazama kwa muda mrefu zaidi. Midomo yake ilisogea kidogo. Watu wakangoja.

Kisha akapita kati yao, akiiacha kofia mezani na mablanketi sakafuni, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua.